Picha Yenye Miguu

Turubai likipigwa na jua la kiangazi tangu asubuhi hutoa harufu yake ya pekee, harufu ya plastiki iliyochoka na vumbi lililookwa, na katika darasa letu la kambini Lusenda harufu hiyo ilichanganyika na ya ndagala, dagaa wa huku kwetu, walioanikwa kwenye mchanga upande wa ziwa. Ukiingia kutoka nje ulikuwa huoni kitu kwa muda, unasikia harufu tu, kisha macho yanazoea na unaanza kuona mabenchi, ubao mweusi uliopasuka pembeni, na mlango uliojaa mwanga mpaka watu waliokaa karibu nao walionekana wamepakwa mafuta. Hapo ndipo nilipojifunza kupiga picha. Hadi leo nikipita sokoni Baraka karibu na turubai lililofunika magunia ya saruji, viwiko vyangu hujibana mbavuni vyenyewe, kwa sababu hivyo ndivyo tulivyofundishwa kuishika simu isitikisike. Watu huniona nimesimama katikati ya njia, pikipiki zinanipigia honi, na mimi nimerudi darasani.

Ilikuwa likizo ndefu ya kiangazi. Sisi tulikaa Lweba, kijiji cha ufukweni upande wa Kongo, mama yangu akiuza ndagala na samaki wa mikeke, baba akiwa ameenda kutafuta maisha Kalemie na kurudi kwake kukiwa habari ya kusikika tu. Kambi ya wakimbizi Warundi pale Lusenda ilikuwa imeshakuwa jirani yetu. Mwanzoni watoto wa kijiji tulikwenda Lusenda kuwakodolea macho wageni na kurudi tukicheka namna walivyotamka maneno. Kisha tukaanza kuruka nao kamba, na mwishowe mama akawa na wateja wengi kambini kuliko kijijini. Kwa hiyo niliposikia kwamba kuna mafunzo ya picha kwa watoto wa likizo, nusu kutoka vijijini na nusu kutoka kambini, wakikaa wawiliwawili na simu moja, tayari nilikuwa na sababu ya kwenda huko: nambebea mama beseni mpaka sokoni, halafu napotelea darasani. Mama hakufurahishwa. "Iyo ni kazi gani?" aliniuliza. "Juu ya nini usiende kujifunza kushona?" Kilichonivuta kilikuwa simu ya kugusa, kitu ambacho nyumbani kwetu hakikuwepo.

Mwalimu wetu aliitwa Madame Mwavita, naye alikuja kutoka Baraka kwa pikipiki. Mjini walimjua wote: ndiye aliyepiga picha za ndoa, za ubatizo, za watoto waliomaliza shule, na alikuwa na chumba chake cha picha chenye ukuta uliochorwa maporomoko ya maji na ndege mweupe. Mimi nilikuwa sijawahi kuona mwanamke mwenye kamera. Alikuwa mfupi, mnene kidogo, nywele amesuka mistari, na kamera yake aliifunga kifuani kwa kitenge namna mama anavyombeba mtoto mgonjwa, kwa sababu, alisema, ikikaa mgongoni vumbi la barabara ile lingeimaliza kabla hajafika. Akishuka alijipangusa uso kwanza, kisha mikono, kisha akafungua kitenge taratibu kuangalia kama mtoto ameamka salama. Nilimpenda siku hiyo hiyo. Nilianza hata kutembea kama yeye, mabega mbele, mpaka mama akaniuliza kama mgongo unaniuma.

Simu hatukupewa upesi, na hilo lilituudhi sana. Badala yake Madame alikuja na maboksi ya sabuni, akatukatia vipande, kila kimoja akakitoboa dirisha dogo katikati, akatuambia hizo ndizo kamera zetu. Tulitazamana. Watoto wengine waliguna waziwazi, na mmoja akauliza bateri inaingilia wapi. Madame alicheka mpaka akashika tumbo, halafu akatutoa nje, tufumbe jicho moja, tuangalie dunia kupitia dirisha lile, tuchague nini kibaki ndani na nini kitupwe nje. Nami nikaanza kuzunguka na boksi langu usoni. Niliangalia mitumbwi iliyovutwa mchangani, mihogo iliyoanikwa, mbuzi wa jirani, mama akipima ndagala kwa kopo. Nikagundua kwamba nikisogeza boksi kidogo tu kushoto, mama anabaki peke yake na mikono yake, bila yule mteja mkorofi aliyekuwa akilalamika kwamba kopo halijajaa. Ilikuwa mara ya kwanza kuona kwamba mama ana mikono mizuri. Sikumwambia, angefikiri nataka kumwomba kitu.

Simu zilipokuja, nilipangwa na msichana wa kambini aliyeitwa Divine. Alikuwa mwembamba, mkimya, mwenye tabia ya kukunja mdomo kabla ya kusema neno, na mimi nilikuwa msemaji wa kupita kiasi, kwa hiyo tulielewana bila taabu. Madame alitufundisha mambo madogo ambayo mpaka leo ndiyo ninayoyaishi. Futa jicho la simu kwanza, alisema, maana limelala mfukoni na jasho na makombo ya maandazi, kisha unashangaa kwa nini bibi harusi ametoka ndani ya ukungu. Bana viwiko. Toa pumzi, halafu ndipo ubonyeze, usibonyeze ukiwa umevimba. Usimsimamishe mtu kwenye jua la saa sita, macho yatageuka mashimo. Mlete mlangoni, akae ndani kidogo ya kivuli, uso uelekee nje. Kisha akatoa gunia jeupe la unga, lililofuliwa mpaka maandishi yakafifia, akamlazia Divine gunia hilo mapajani, na papo hapo kivuli kilichokuwa chini ya macho yake kikaondoka. Tulipiga kelele. Nilimwondolea gunia, nikamrudishia, nikamwondolea tena, na kila mara sura yake iliwaka na kuzimika. Mpaka sasa sijaona kifaa cha dukani kinachonifurahisha kama lile gunia.

Lakini neno ambalo Madame alilirudia kuliko yote lilikuwa moja. "Karibia!" alituita kutoka upande wa pili wa uwanja. "Unaogopa nini? Haiko simba iyo, ni muntu!" Lazima nieleze kwa nini ilimbidi apige kelele namna hiyo. Kwetu mtu akienda kupigwa picha husimama wima, mikono pembeni, uso wa baraza la kesi, na mpiga picha hurudi nyuma, nyuma, nyuma, mpaka viatu viingie. Picha ikitoka, mwenyewe haangalii uso wake kwanza, anaangalia chini. Viatu vikionekana, amepata picha yake. Visipoonekana, atasema amekatwa miguu, na hatakubali kuichukua. Madame alikuwa amepigana na desturi hiyo tangu alipofungua chumba chake. Alichoka, alituambia, kupiga watu wadogo waliosimama chini ya mbingu kubwa, nyuso zao huwezi kuzitofautisha. Alitaka sisi tuwe watu wapya. "Uso ndiyo muntu," alisema. "Miguu yote inafanana." Tuliandika maneno hayo, na tuliyaamini, kwa sababu picha zake za karibu zilikuwa nzuri mno. Alituonyesha mzee mmoja wa Baraka aliyepigwa uso tu, mikunjo na ndevu na macho yenye maji kidogo, nami nilihisi naweza kusikia anavyopumua.

Divine alikuwa na dada mkubwa, Nadine. Walipokimbia Burundi njia ziliwatenganisha. Mama yao, Mama Goreti, alivuka kuja Kongo na Divine, na Nadine alijikuta Tanzania na mjomba wao, katika kambi ya huko, ambako alikuwa anasoma sekondari na alikuwa amebakiza kidogo tu kumaliza. Kuna mtu aliyefika huko baadaye akamweleza Nadine kwamba alimwona mama yake akibebwa mgongoni siku ile ya kuvuka. Kubebwa ni kweli alibebwa, malaria ilimwangusha njiani. Lakini kutoka mdomo hadi mdomo habari iliota miguu yake yenyewe, na ilipotulia ikawa Mama Goreti amekatika miguu. Mama Goreti alikuwa na simu ndogo ya vitufe, na kila alipompigia binti yake alimwambia yeye ni mzima. Nadine aliitika na hakuamini. Mama gani aliye ukimbizini humwambia mtoto aliye mbali kwamba hali yake ni mbaya? Hayo yote niliyajua baadaye. Wakati ule Divine aliniambia tu kwamba anataka kumpiga mama yake picha nzuri, aipeleke kwa dada yake, na mimi nikaona hiyo ndiyo kazi tuliyoisubiri.

Tulifanya kila kitu tulivyofundishwa. Mama Goreti tulimkalisha mlangoni pa nyumba yao, kivuli nyuma yake, gunia la unga mapajani. Alikuwa amevaa kitenge chake cha kanisani na viatu vyeusi vilivyong'arishwa, na kwa ajili ya viatu hivyo alikuwa ameamka mapema. Tukakaribia. Tukakaribia tena. Divine alibonyeza akiwa ametoa pumzi yote, na picha iliyotoka iliwafanya majirani waite wenzao. Uso ulijaa kioo chote, ngozi inang'aa, macho yanakutazama moja kwa moja. Mama Goreti aliishika simu kwa mikono miwili, akaitazama kwa muda, kisha akainamisha kichwa kama anayetaka kuchungulia chini ya meza.

"Na miguu?" aliuliza. "Miguu yangu iko wapi?"

"Mama, ni vile banatufundisha," alisema Divine. "Uso ndiyo muntu."

Mama Goreti alitazama viatu vyake, akatazama picha. "Ego," alisema mwishowe, ndiyo ya Kirundi. "Kama Madame alisema, basi." Kesho yake Madame aliipeleka picha kwa simu yake mwenyewe, kupitia jirani wa Nadine aliyekuwa na simu ya kugusa, na akaisifu mbele ya darasa zima. Mimi na Divine tulitembea siku hiyo kwa maringo, hata tulikataa kuruka kamba.

Majibu yalikuja kwa simu ndogo ya Mama Goreti, alfajiri ya siku ya darasa. Divine alinisimulia jambo hilo mara nyingi, kwa hiyo nalisikia kama nilikuwepo. Nadine alikuwa analia. Alisema ameionyesha picha kwa watu wa kambi yao na wote wamekubaliana: mtu mwenye miguu yake hawezi kukubali kupigwa picha ya nusu mwili, tena amekaa. "Mama, usinifiche," alisema. "Miguu yako banakata wapi?" Mama Goreti akapiga kelele kwamba yuko wima, amesimama, anakanyaga chini hata sasa, sikiliza, na akaipiga ardhi kwa kisigino karibu na simu. Nadine akajibu kwamba kila mtu husema hivyo. Alikuwa ameshaamua. Kesho yake alfajiri angepanda gari la kwenda Kigoma, bila ruhusa ya kutoka kambini, kisha boti ya mizigo ya kuvuka ziwa, aje amtunze mama yake. Shule angeiacha. Sisi wa Lweba tulijua upepo wa kiangazi unavyolifanya ziwa, na tulijua boti za mizigo zinavyojazwa. Mama Goreti naye alikuwa amekaa kwa hesabu moja tangu avuke: mtoto mmoja amalize masomo, hata kama mengine yote yameharibika. Simu ilipokatika, alikaa chini, hakutaka hata kuwasha moto.

Divine alifika darasani macho yamevimba, akamweleza Madame Mwavita mbele yetu sote, kwa sauti ndogo, bila kukunja mdomo. Nilimwangalia Madame. Nilitegemea aseme kwamba mambo hayo ya miguu ni ushamba, au kwamba mama angepiga simu tena aeleze vizuri. Watu wazima niliowajua wangesema hivyo. Yeye akaanza kufunga kamera kifuani kwa kitenge chake.

"Ni mi nilibafundisha vile," alisema. "Batoto balifanya muzuri. Mi ndiye nilikata miguu ya mama. Simameni, twende."

Tulikwenda darasa zima, msururu mrefu kati ya nyumba za turubai, na watoto wadogo wakajiunga nyuma wakidhani kuna sherehe. Madame aliingia kwa Mama Goreti, akapiga goti, akaomba radhi kwa maneno yanayofaa, mwanamke wa mjini mwenye chumba chake cha picha, mbele ya watoto anaowafundisha. Mimi sijui kama ningeweza. Kisha akauliza swali ambalo hakuwahi kutufundisha kuuliza. "Mama, Nadine akiangalia ile picha, ataanza kuangalia wapi?"

Hapo Mama Goreti aliinuka. Alikwenda kuchukua viatu vyake vyeusi, akavivaa, akasimama. Madame akarudi nyuma mpaka viatu vikaingia, tukaona mambo yameisha. Lakini Mama Goreti mwenyewe alitikisa kichwa. Kitenge kilifika chini kabisa, viatu vilichungulia ncha tu. "Atasema ni viatu tupu," alisema. "Kiatu unaweza kuweka hata ku muguu ya muti." Akavivua, akaviweka pembeni vikielekea ukutani. Lazima muelewe alichokuwa anafanya: kupigwa picha peku ni kutangaza ufukara, na picha ile ingezunguka kambi nzima ya Tanzania, na yeye alikuwa mwanamke aliyeamka mapema kung'arisha viatu. Kisha akakipandisha kitenge mpaka katikati ya miundi na kukifunga kiunoni, kama anayekwenda kulima. Madame aliona haya ya mwanamke mwenzake. Akatugeukia, akawaambia wavulana na wote wasio na kazi waangalie ziwa, na msururu mzima ukageuka, migongo tu.

Bado hakuridhika. Mtu aliyesimama anaweza kuegemezwa, alisema, anaweza kushikwa kwa nyuma. Ilibidi aonekane anatembea. Video isingewezekana, mtandao wa Lusenda siku hizo ulisukuma picha moja kwa shida, na video ingekwama njiani mpaka Nadine afike Kigoma. Kwa hiyo ilitakiwa picha moja ya mtu anayetembea, mguu mmoja chini na mwingine hewani, yote miwili ikionekana sawasawa. Tulijaribu kivulini na mguu wa hewani ukatoka ukungu mtupu. Madame akatazama, akacheka kwa uchungu, akasema kamera yake haina njia ya kutuma picha, na simu hizi zinataka jua kali ili zishike kitu kinachokwenda. Basi akaanza kuvunja kila alichotufundisha, moja baada ya jingine. Tukamtoa Mama Goreti kivulini, tukampeleka katikati ya njia, jua likiwa utosini. Gunia la unga likatupwa. Tukarudi nyuma, mbali, mpaka uso ukawa mdogo. Mimi nikalala kifudifudi kwenye vumbi niipige kutoka chini, karibu na ardhi, miguu iwe kitu cha kwanza kuonekana.

Simu Divine alinisukumia mimi. Alisimama nyuma yangu, ili mama yake atembee kumwelekea yeye. Madame alipiga magoti pembeni yangu, akanishika viwiko. "Usibonyeze mguu ukiwa juu," alininong'oneza. "Bonyeza ukianza kuinuka." Mama Goreti akajitwisha dumu la maji kichwani, maana hakuna anayembebesha maji mtu asiye na miguu, akaja. Nilitoa pumzi. Vumbi liliruka chini ya kisigino chake, nikabonyeza. Mara ya kwanza nilichelewa, ya pili nikawahi mno, akarudi tena bila kulalamika, akaja tena, na safari hiyo nilijua kabla hata sijaangalia. Ilikuwa picha mbaya. Uso ulikuwa umeungua kwa jua, macho mashimo, dumu limekatwa juu na mbingu imejaa kila mahali. Miguu ilikuwa pale, mikavu, yenye vumbi, mmoja umekanyaga na mwingine unaondoka.

Mtandao ulipatikana kwenye mwinuko nyuma ya kanisa, mahali ambapo siku zote ungekuta watu wameinua simu juu kama wanaoapa. Tulipanda huko wote, Mama Goreti akiwa amevaa viatu vyake tena. Kile kiduara cha kutuma kilizunguka, kikasimama, kikazunguka. Madame alikuwa akiibadilisha simu mkono wa kulia na wa kushoto. Picha iliondoka jua likiwa limeanza kulegea. Tulikaa chini kungoja. Ilikuwa mara ya kwanza kuona watu wengi hivyo wakitazama simu moja bila kuigombania.

Jibu lilikuja kwa sauti. Madame aliweka simu katikati yetu, akabonyeza. Kwanza tulisikia upepo, halafu mtu akipenga kamasi, halafu Nadine. "Mama, nimeona kidole," alisema. "Kile kidole cha mwisho, cha jembe. Ni miguu yako. Nitabaki." Mama Goreti alikuwa na kidole kidogo cha mguu wa kushoto kilichopinda nje, alikigonga kwa jembe zamani akilima na Nadine akiwa mtoto mdogo, na Nadine ndiye aliyemfunga kitambaa. Mimi nilikuwa nimelala mbele ya miguu ile na sikukiona. Mama Goreti alivua kiatu cha kushoto, akaketi palepale mwinukoni akikishika kile kidole na kulia. Madame Mwavita alilia pia, tena kwa sauti, hakujificha kwa yeyote.

Darasa lililofuata alisimama mbele yetu na kusema kwamba alitudanganya bila kujua, miguu yote haifanani. Hakutuambia tuache kukaribia. Siku hiyo hiyo alitukaribisha tena mlangoni na gunia lake la unga. Ila kuanzia hapo kila mwanafunzi aliyeinua simu aliulizwa: "Iyi picha inaenda kwa nani?" Kama huna jibu, shusha mkono, kaongee kwanza na mwenye picha. Likizo ilipoisha nilijua kupiga picha, kadiri mtoto anavyoweza kujua, na nilikuwa nimemwona mtu mzima akisahihishwa na kubaki mkubwa vilevile. La pili lilinishangaza zaidi. Nadine alimaliza shule. Familia ile ilirudi Burundi baadaye, na Divine bado hunitumia salamu, pamoja na picha za mtoto wake, kuanzia kichwani hadi soksi.

Sasa mimi ndiye mwenye chumba cha picha Baraka. Ukuta wa maporomoko nimeufuta, vijana hawautaki tena. Simu za leo zina nguvu ambazo Madame hakuziota: zinasafisha ngozi, zinapunguza pua, zinamtoa mtu kivulini bila gunia, na hata mtoto mdogo anajua kukaribia, tena amekaribia mpaka tunahesabu vinyweleo. Madame Mwavita macho yamemchoka, hapigi tena, lakini nikimpelekea picha huziangalia akizisogeza karibu na pua na kuniuliza lile swali lake. Naona haya ninapokosa jibu, na siku hizi nakosa mara nyingi. Watu wanajipiga wenyewe, uso na kifua, uso na kifua, na picha zinaenda kwa kila mtu.

Mdogo wangu wa kiume amekwenda kuchimba dhahabu Misisi. Kila baada ya muda hutuma picha, uso tu, anacheka, kofia imekaa upande. Wiki iliyopita tulisikia kwamba shimo moja huko liliporomoka na kuumiza watu, na jioni hiyo hiyo picha yake ikaja, kicheko kilekile, na maneno kwamba yeye ni mzima. Nilimwonyesha mama. Aliitazama, kisha akaweka kidole gumba kwenye kioo na kuisukuma picha juu, akaisukuma tena, akitafuta sehemu iliyobaki chini. Mama yangu, aliyetaka nishone. Nilichukua simu, nikamwandikia mdogo wangu: rudi nyuma, mpe mtu simu akupige, vua mabuti, tembea. Akaniuliza kama nina wazimu. Nikamwambia picha inaenda kwa mama.

Ilichelewa, mtandao wa Misisi haujafa wala haujapona. Ilipofika ilikuwa mbaya kama ile ya Lusenda, jua utosini, uso mweusi, nusu ya picha ni mbingu, naye peku kwenye matope, mguu mmoja chini na mwingine hewani. Mama aliitazama kuanzia chini. Akanirudishia simu, akaenda kusonga ugali.